Kiwanja: Mkutano ukiisha, kamera nayo izimwe

Mkutano wa mtandaoni umekwisha. Mama mmoja mkaaji wa Kiwanja, wilayani Rutshuru, amewaaga wenzake walioko Goma, amegusa kitufe chekundu, na nyuso zote zimetoweka kwenye skrini. Simu anaiacha palepale mezani, imeegemezwa kwenye kikombe, kisha anamkaribisha jirani aliyebisha hodi. Wanaongea mambo ya mtaani: nani amehama, nani amerudi, njia gani ya shamba inapitika wiki hii. Juu ya skrini, doa dogo la kijani linaendelea kuwaka. Jirani ndiye analiona kwanza. "Mama, hiyo simu bado inatupiga picha?"

Huo ni mfano tu. Hakuna mtu wala mkutano unaolengwa. Lakini hitilafu yenyewe si ya kubuni, na watengenezaji wa programu wanaijua kwa miaka mingi: mazungumzo yanaweza kukatwa huku kamera na mikro zikibaki zimewashwa. Mahali pengine hiyo ni kero ndogo inayomaliza batri. Kiwanja ni jambo jingine. Ndiyo maana wanaotengeneza kurasa za mikutano, na wanaowaita raia kwenye mikutano hiyo, wana deni la kuhakikisha kwamba kumaliza ni kumaliza kweli.

Kuaga si kuzima

Tangu janga la corona la mwaka 2020, mikutano mingi ya mashirika, vyama na hata masomo hufanyika kwa kutumiana kiungo. Aliyealikwa anakigusa, kivinjari kama Chrome au Firefox kinafunguka, kinaomba ruhusa ya kutumia kamera na mikro, na mazungumzo yanaanza. Si lazima kupakua programu nyingine. Kinachowezesha hayo ni teknolojia iitwayo WebRTC, ambayo Google iliiweka wazi kwa wote mwaka 2011, na ambayo shirika la viwango vya wavuti, W3C, liliidhinisha rasmi tarehe 26 Januari 2021. Google Meet na Jitsi Meet ni kati ya huduma zinazoitumia.

Ruhusa ikishatolewa, kivinjari kinafungua mkondo. Mkondo huo una matawi: moja la sauti kutoka kwenye mikro, jingine la picha kutoka kwenye kamera. Hapo ndipo mambo matatu yanapochanganywa. La kwanza ni muunganiko kati ya simu ya Kiwanja na ile ya Goma. La pili ni picha inayoonekana kwenye skrini. La tatu ni kamera na mikro zenyewe.

Kukata la kwanza hakukati la tatu. Mtengenezaji wa ukurasa akiagiza muunganiko ufungwe na picha iondolewe, mtumiaji ataona kila kitu kimekwisha, kumbe kamera imebaki wazi. Ni kama kuchomoa mpira wa maji uliokwenda kwa jirani na kuiacha robine bila kuifunga: jirani hapati maji tena, lakini maji yanaendelea kumwagika uani.

Ili kamera izimike, kila tawi lazima lipewe amri yake ya kusimama. Zamani ilikuwepo amri moja ya kusimamisha mkondo wote kwa pamoja. Chrome iliiondoa katika toleo lake la 47, mwishoni mwa mwaka 2015. Tangu hapo mtengenezaji hupita tawi kwa tawi, na akilisahau moja, kifaa hakiachiliwi.

Kusahau nako ni rahisi. Mtumiaji akibadili kutoka kamera ya mbele kwenda ya nyuma, tawi la zamani linaweza kubaki hai. Ukurasa ukitengeneza nakala ya tawi kwa kazi nyingine, nakala hiyo nayo inahitaji kusimamishwa. Tena kurasa nyingi za siku hizi hubadilisha kinachoonekana bila kufungwa. Neno "Asante kwa kushiriki" linaweza kutokea kwenye skrini huku nyuma yake mkondo ukiendelea kama kawaida.

Kunyamazisha mikro nako si kuizima. Kwenye kivinjari, tawi lililonyamazishwa hutuma ukimya, na tawi la picha lililofichwa hutuma weusi. Mkondo wenyewe bado upo. Mwaka 2022, watafiti wa chuo kikuu cha Wisconsin–Madison, Marekani, walichunguza programu maarufu za mikutano na kuonyesha kwamba kugusa kitufe cha kunyamazisha si hakikisho kwamba programu imeacha kuifikia mikro.

Hata wakubwa wameteleza

Mtu asidhani hili ni kosa la wanafunzi wanaojaribu kuandika programu yao ya kwanza. Tarehe 28 Januari 2019, dunia ilipata habari kwamba FaceTime, huduma ya simu za video ya Apple, ilikuwa na kasoro katika mazungumzo ya kikundi: anayepiga aliweza kumsikia anayepigiwa kabla huyo hajapokea. Apple ililazimika kuzima mazungumzo ya kikundi hadi ilipotoa marekebisho mwezi Februari.

Miaka miwili baadaye, Januari 2021, Natalie Silvanovich, mtafiti wa usalama wa Google, alichapisha makosa ya namna hiyohiyo aliyoyakuta katika programu tano, zikiwemo Signal, Facebook Messenger na Google Duo. Yote yalikuwa yamekwisha kurekebishwa. Mwanzoni mwa 2022 ikawa zamu ya Zoom: watumiaji wa kompyuta za Mac walilalamika kwamba doa la rangi ya chungwa, linaloonyesha mikro inatumika, lilibaki likiwaka baada ya mkutano kumalizika. Kampuni ilitoa toleo lililorekebishwa.

Visa hivi havifanani kwa kila jambo, na baadhi vilitokea kwenye programu za simu au kompyuta, nje ya kivinjari. Lakini vyote vinafundisha kitu kimoja. Mwanzo na mwisho wa mazungumzo ndipo mahali pagumu. Katikati, watu wakiwa wanaonana na kusikilizana, kosa likitokea wote wanaliona. Mlangoni, wakati wa kuingia au kutoka, hakuna anayetazama tena.

Kilichowaokoa watumiaji wa Mac ni kile kidoa. Simu za iPhone zilianza kukionyesha mwaka 2020, na za Android zilikipata kuanzia Android 12, mwaka 2021. Simu nyingi zinazouzwa na kuuzwa tena katika masoko ya mashariki mwa Kongo ni za kabla ya hapo. Mwenye simu ya zamani hana doa la kumwonya. Huenda akategemea tangazo dogo la kivinjari linalojificha juu ya skrini, kama anajua kulitafuta.

Kiwanja inajua bei ya tuhuma

Kiwanja iko kilometa kama 70 kaskazini mwa Goma, kwenye barabara ya taifa namba 2. Wakaaji wake hawahitaji kufundishwa maana ya kushukiwa. Tarehe 4 na 5 Novemba 2008, watu wapatao 150 waliuawa humo kwa hesabu ya shirika la Human Rights Watch, wengi wao wakiuawa na wapiganaji wa CNDP waliowatuhumu kuwa Mai-Mai au wafuasi wao. Kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa ilikuwa karibu. Tangu mwisho wa Oktoba 2022, Kiwanja na Rutshuru-centre ziko mikononi mwa M23, na Goma nayo iliangukia mikononi mwa kundi hilo mwishoni mwa Januari 2025.

Katika mazingira hayo, kamera iliyosahaulika ina hatari zaidi ya moja.

Ya kwanza ni sauti na picha kuvuja. Ukurasa ulioandikwa vibaya unaweza kuwa haujafunga hata muunganiko. Mtu anadhani ametoka, kumbe waliobaki mkutanoni wanaendelea kumsikia. Hapo hahitajiki jasusi. Inatosha mshiriki mmoja aliyebaki kwenye mkutano na mwenye mdomo mwepesi. Na anayesikika si yule aliyekubali kuhudhuria tu. Ni jirani, ni mtoto, ni mgeni aliyepita kuomba maji.

Ya pili ni kushukiwa. Tuseme picha haiendi popote na muunganiko umefungwa vizuri. Bado simu iliyo mezani, kamera imewaka, inaonekana kama simu inayorekodi. Mwenye bunduki akiikuta, nani atamweleza tofauti kati ya mkondo wa ndani na muunganiko wa nje? Hata jirani mwema akiiona, neno litazunguka kartiye: yule mama anaweka simu kututega. Mahali ambapo tuhuma peke yake imewahi kuua, taa iliyosahaulika si jambo la kuchekesha.

Ya tatu ni gharama. Kituo cha umeme cha Matebe, cha megawati 13.8, kilizinduliwa Rutshuru Desemba 2015, lakini si kila nyumba ina waya wake, na asiye na umeme hulipa ili simu yake ichajiwe. Kamera iliyobaki wazi inakula batri hiyo. Na kama muunganiko nao haujafungwa, mega zinakwenda. Hesabu yake ni rahisi: video ndogo ya kilobiti 500 kwa sekunde inatumia megabaiti 225 kwa saa moja, kwa upande mmoja tu. Mtu aliyenunua kifurushi kwa ajili ya mkutano wa saa moja anaweza kuamka kesho hana hata cha kutumia ujumbe.

Kwa haki, lazima isemwe pia kwamba doa la kijani si ushahidi kwamba mtu fulani anatazama. Sauti na picha za WebRTC husimbwa njiani, hilo ni sharti la viwango vyenyewe, na muunganiko ukifungwa kweli hakuna kinachotoka. Tatizo ni kwamba mwenye simu hana njia rahisi ya kujua kama umefungwa kweli. Anaambiwa aamini. Kuamini bila kuona ni mzigo mkubwa kumtwisha mtu wa Kiwanja.

Mtandao ukianguka wenyewe

Kuna mwisho mwingine ambao hakuna aliyeuchagua: rezo inapotea. Hapo viwango vimeweka utaratibu. Kila baada ya sekunde chache, simu moja huiuliza nyingine kama bado ipo na bado inakubali kupokea. Isipopata jibu kwa sekunde 30, ni lazima iache kutuma. Lakini hiyo ni kutuma tu. Kamera haizimwi na utaratibu huo. Ni mtengenezaji wa ukurasa anayeamua ikae wazi mpaka lini.

Uamuzi huo unataka busara. Ukurasa ukizima kila kitu mara tu mtandao unapotetereka, mtu wa Kiwanja atalazimika kuingia upya mara kumi katika mkutano mmoja. Ukiacha kamera wazi bila kikomo, simu itakaa ikiwaka hata baada ya mwenyewe kukata tamaa na kuondoka. Njia ya katikati ipo: kungoja dakika moja au mbili, kisha kuzima kamera na mikro, na kuandika kwa lugha inayoeleweka kwamba zimezimwa na kwamba anayetaka kurudi aguse hapa. Lugha hiyo iwe Kiswahili au Kifaransa, si maandishi ya kitaalamu yanayomwacha mtu akikisia.

Upande wa pili nao una haki ya kujua. Tawi likisimamishwa Kiwanja, simu ya Goma haipewi taarifa yenyewe kwamba mwenzake ameaga. Inaweza kuonyesha uso ulioganda au weusi mtupu. Ukurasa ulioandikwa vizuri hutuma ujumbe tofauti: fulani ametoka. Kwa mkutano wa biashara huo ni ustaarabu tu. Kwa mwandishi wa habari aliyekuwa akizungumza na shahidi, au kwa familia iliyogawanyika kati ya miji miwili, ni tofauti kati ya kulala na kukesha. Uso umeganda. Ni mega zimekwisha, au kuna aliyeingia nyumbani?

Je, vita viache nafasi kwa mambo haya?

Wapo watakaosema haya ni anasa. Raia wanakimbia, mashamba yamekwama, na huyu analeta habari za doa la kijani. Wengine watasema mwenye silaha hahitaji kuvizia kamera. Ananyang'anya simu na kuisoma. Hoja zote mbili zina ukweli ndani yake. Lakini mtu ambaye nyumba yake ina ufa mmoja hapati faida kwa kuachiwa wa pili. Na kati ya hatari zote zinazomzunguka mkaaji wa Kiwanja, hii ni moja ya chache ambazo dawa yake haihitaji mazungumzo ya amani, jeshi wala fedha. Ni mistari michache ya programu, na dakika moja ya maelezo mwishoni mwa mkutano.

Wapo pia watakaosema kila mtu aangalie simu yake mwenyewe. Hapo ndipo kosa kubwa lilipo. Aliyeita mkutano ndiye aliyechagua chombo. Aliyechagua chombo ndiye anayeweza kukijaribu kabla. Kumwachia mzigo yule mwenye simu ya zamani, mega za kuhesabu na hatari kubwa kuliko wote, ni kugeuza mambo juu chini.

Nani afanye nini

Watengenezaji waanze. Goma ina vijana wanaoandika programu, na vyuo kama ISIG na ULPGL vinafundisha informatiki. Somo la kufungua kamera kwenye ukurasa linavutia, kila mwanafunzi anataka kuona uso wake ukitokea. Somo la kuifunga lipewe uzito uleule. Kazi ya mwanafunzi isipewe alama kamili mpaka aonyeshe kwamba baada ya kukata, matawi yote yamesimama, muunganiko umefungwa, na taa imezimika, hata pale alipobadili kamera, hata pale mtandao ulipoanguka, hata pale ukurasa ulipobadilika bila kufungwa.

Mashirika, vyombo vya habari na vyama vinavyoita watu wa Kiwanja mikutanoni vijaribu chombo chao kwenye simu ya bei ndogo kabla ya kutuma kiungo. Mahali ambapo uso hauhitajiki, waombe sauti peke yake: kamera ambayo haikufunguliwa haiwezi kusahaulika. Anayeongoza asikimbilie kusema kwaheri. Kwanza aseme kwa sauti: funga ukurasa wote wa kivinjari, si kugusa kitufe chekundu tu, kisha tazama kama taa au tangazo limeondoka. Ukurasa ukifungwa kabisa, kivinjari chenyewe huziachilia kamera na mikro, hata kama aliyeuandika alisahau.

Kuna pia suala la ruhusa. Kivinjari huweza kukumbuka kwamba ukurasa fulani ulikubaliwa kutumia kamera, na safari ijayo kisiulize tena. Ruhusa hiyo hufutwa kwa kugusa alama iliyo kando ya anwani ya ukurasa. Wakaaji wengi hawajawahi kuonyeshwa hilo. Shirika linalolipia semina ya siku mbili linaweza kulitengea robo saa.

Serikali nayo ina maandishi yake. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 18 Februari 2006 kinamhakikishia kila mtu heshima ya maisha yake binafsi na siri ya mawasiliano yake, na sheria ya mambo ya kidijitali ya 13 Machi 2023 imeweka kanuni za kulinda taarifa za watu. Lakini leo hakuna ofisi ya Jamhuri inayoweza kuzisimamia kanuni hizo Kiwanja. Sheria ikiwa mbali, wajibu unamrudia aliye karibu: aliyeandika ukurasa na aliyetuma kiungo.

Jirani wa yule mama aliuliza swali la haki. Alikuja kusalimu, hakuja mkutanoni, na hakumpa mtu ruhusa ya kumtazama. Jibu analostahili ni fupi: "Hapana, jirani, imezimika." Na mama huyo aweze kulisema bila kubahatisha.